Shimo Lina Kibali

Barabara ya mbele ya ofisi yangu imechimbwa tena, na hilo “tena” ndilo linalonipandisha presha. Ingekuwa mara ya kwanza ningemeza mate nikanyamaza, kwani nchi si yangu na lami si yangu. Lakini lami hii naijua tangu ilipomwagwa. Nimeiona ikifuka moshi, nimeiona ikishindiliwa, nimeiona ikipigwa mistari myeupe iliyonyooka kuliko maisha yangu. Haikumaliza hata kuzoea jua. Asubuhi nimefungua shata nikakuta ukuta wa mabati, umevishwa majani ya plastiki ya kijani, na juu yake maandishi ya kuomba radhi kwa usumbufu. Nyuma ya ukuta, katapila. Chini ya katapila, ile lami, vipande vipande.

Niko Xiaobei, Guangzhou. Kama hujafika, jua kwamba hapa ndipo mfanyabiashara wa Kariakoo, Gikomba au Lubumbashi akishatua uwanja wa Baiyun hupaulizia kabla hajaulizia chakula. Jengo la Tianxiu lipo hapa, kando ya barabara ya Huanshi. Metro laini namba 5 inatupitia chini ya miguu tangu mwisho wa 2009. Nyuma kidogo kuna mtaa wa Baohan, ambako utasikia Kiswahili, Kilingala, Kihausa, Kiarabu na Kikantoni kabla hujamaliza chai yako. Mimi ni wakala wa mizigo. Wewe unanunua, mimi napokea katoni, napima, nafunga, natia kwenye kontena, na baadaye wewe unanipigia simu saa nane usiku kuuliza meli imefika wapi. Kazi hii haihitaji elimu kubwa. Inahitaji mzani, selotepu na mlango unaofikika. Mzani ninao. Selotepu ninazo za kuizungushia dunia.

Ukitaka kulielewa balaa hili, tazama vifuniko vya chemba. Wenzangu walijifunza kusoma Kichina chuoni. Mimi nimejifunzia kwenye chuma kilicholala barabarani, kwa kuwa kila kifuniko kimeandikwa chini yake mna nini. Hatua chache kutoka mlangoni kwangu kuna cha maji ya mvua, cha majitaka, cha maji ya bomba, cha gesi, cha umeme, cha simu, halafu cha simu kingine cha kampuni nyingine, cha taa za barabarani, na kimoja kidogo cha pembeni ambacho nashuku ni cha kamera zinazonipiga picha nikilalamika. Kila kifuniko kina mwenyewe. Kila mwenyewe ana bajeti yake, mkandarasi wake na mwaka wake wa kukumbuka kwamba bomba lake limezeeka. Wa maji anafukua, anatandika, anafukia, anaweka lami, anaaga. Kisha anakuja wa gesi. Wa gesi akiondoka, wa nyaya anapiga hodi. Wote wakishapita, barabara imebaki viraka: cha huyu kimetitia, cha yule kimevimba, na toroli la katoni likipita hapo linacheza ngoma ambayo mzigo wa glasi hauwezi kuicheza.

Sasa msomaji wa nyumbani atasema: kumbe hata China hakuna sheria! Ipo, tena kali. Baraza la Serikali la nchi hii lilitoa kanuni za usimamizi wa barabara za mijini mwaka 1996, na zinasema waziwazi: barabara mpya, iliyopanuliwa au iliyojengwa upya isichimbwe ndani ya miaka 5 tangu ilipokabidhiwa. Iliyofanyiwa ukarabati mkubwa, miaka 3. Anayetaka kuchimba aombe kibali, achimbe mahali alipoandikiwa na kwa muda alioandikiwa, na alipie gharama ya kuirudisha barabara. Habari hizi nilizipata kwa jirani yangu mwenye mgahawa wa tambi, Mwislamu wa kutoka Gansu, ambaye husalimiana nami kwa salaam aleikum kabla hatujaanza kulilaani shimo kwa pamoja. Nikamwambia, basi tuwashitaki. Akacheka mpaka kofia yake nyeupe ikakaa upande.

“Pengyou,” akaniambia, maana hapa sisi wote jina letu ni Rafiki, “soma mpaka mwisho.”

Nikasoma mpaka mwisho. Kanuni ina mlango wa uani. Ndani ya hiyo miaka 5 au 3, kukiwa na hali maalumu, unaweza kuchimba ukipata idhini ya serikali ya mji. Na bomba likipata hitilafu ya dharura, unachimba kwanza, papo hapo unaiarifu mamlaka ya barabara na polisi wa usalama barabarani, halafu karatasi unazikamilisha ndani ya saa 24. Ni busara tupu. Hakuna anayetaka gesi ivuje huku watu wanatafuta mhuri. Ila mimi nimekulia uswahilini, najua mlango wa uani unavyotumika: mgeni rasmi anapita mbele siku ya harusi, wengine wote wanapitia uani mwaka mzima. Mbele yangu hapa hali maalumu zimekuwa nyingi hadi sijui hali ya kawaida ikoje.

Na shimo letu si la kihuni. Lina ubao. Ubaoni pameandikwa jina la mradi, mkandarasi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na namba ya simu. Hiyo tarehe ya kumaliza ndiyo riwaya. Mwanzo ilichapwa. Baadaye ikabandikwa karatasi yenye tarehe nyingine. Juu ya karatasi ikaja karatasi. Sehemu hiyo ya ubao sasa imenenepa kuliko pasipoti ya mama mmoja wa Kariakoo ninayemfungia mizigo. Jirani yangu wa tambi alipiga 12345, namba ya huduma ya serikali ya mji. Wakampokea vizuri, wakachukua maelezo, na baadaye wakamjibu kwa adabu zote. Akavuka kuja kunipa jibu: shimo lina kibali.

Nikakaa chini. Mimi kila ninapoongeza viza naambiwa kuna karatasi imepungua. Shimo limeongezewa muda bila hata kwenda dirishani.

Mchana wanalifunika, usiku wanachimba, kwa sababu mchana magari ni mengi. Kufunika maana yake ni kutandaza mabamba mazito ya chuma juu ya mtaro ili magari yapite. Mabamba hayo yamekaa kwa kuegeshwa tu. Gari dogo likipita, gong. Basi likipita, gong-gong. Lori la kubeba kifusi likipita usiku, hata marehemu hugeuka upande wa pili. Mimi nalala ghorofa ya juu ya ofisi, kwa hiyo ratiba ya usafiri wa eneo hili naijua kwa masikio. Basi la mwisho nalitambua kwa mlio wake, na nikikosa kulisikia napata wasiwasi.

Hasara sasa. Guangzhou ilipiga marufuku pikipiki mjini mwaka 2007, hivyo katoni zetu za hapa na pale husogezwa na vibajaji vya umeme vya mizigo. Kibajaji kikifika kwenye mabati kinashusha mzigo pale pale mwanzo wa ukuta, dereva anapiga picha kwamba amefikisha, anaondoka. Kutoka hapo hadi kwangu ni mikono ya vijana, na vijana hawabebi kwa salamu. Mvua ya huku unaijua? Ile ya Mei na Juni haina simile. Katoni ya simu ikikaa nje dakika chache inakuwa uji wa karatasi. Nani anafidia? Nilitazama ubaoni. Mradi upo, mkandarasi yupo, tarehe zipo kwa wingi. Mwenye katoni hayupo.

Na wateja je? Oktoba, wakati wa maonesho ya Canton, ambayo mji huu umekuwa ukiyafanya tangu 1957, wageni wanamiminika. Yule mama wa Kariakoo alitua, akaacha mabegi hotelini, akanipigia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Nimefika, nipo kwenye ukuta wa majani.”

“Upi, mama?”

“Wa kijani. Una majani ya plastiki.”

“Mama, zote ni za kijani, zote zina majani ya plastiki.”

“Huu una mwanaume mwenye kofia ya njano.”

“Mama, zote zina mwanaume mwenye kofia ya njano.”

Tukazungukana kwenye mabati hayo kama tunacheza kibe. Namsikia anaita upande wa pili, simuoni. Mwishowe aliingia kwenye duka la wakala mwingine, kakaribishwa chai, kapewa kiti, na mzigo wake wa msimu ule ulipanda kontena la watu. Simlaumu. Mlango wa yule ulikuwa unaonekana.

Nisije nikaonekana mtu wa kupinga maendeleo. Kwa metro nasamehe. Laini namba 11, ile inayouzunguka mji kwa kilomita 44 hivi, ilifunguliwa 28 Desemba 2024 baada ya miaka mingi ya mabati, na treni haijengwi kwa kijiko. Tena kuchimba kwa pupa kuna gharama yake: Januari 2013 ardhi ya barabara ya Kangwang Kusini ilititia kando ya ujenzi wa metro na majengo yakazama mchana kweupe. Pia nasamehe ile fujo ya kabla ya Michezo ya Asia iliyofunguliwa hapa 12 Novemba 2010, kwani mfereji wa Donghao, jirani yetu wa majitaka, ulisafishwa wakati huo, na sasa watu wanatembea kando yake bila kuziba pua. Mtu akichimba mara moja akaacha kitu, namshukuru. Ugomvi wangu ni na yule anayekuja kuzika waya wake palepale mwenzake alipozika bomba juzi.

Kwamba kutojuana huku si mzaha, China yenyewe inajua. Novemba 2013, mjini Qingdao, bomba la mafuta lilivuja, mafuta yakaingia kwenye mfereji wa maji ya mvua uliopita jirani, ukalipuka. Watu 62 walikufa. Mwaka uliofuata serikali ikaagiza miji yote ifanye sensa ya mabomba na nyaya zilizo chini ya ardhi, ikamilike kabla ya 2015 kwisha. Mtu anayehesabiwa ana jina na makazi. Bomba nalo likapewa. Kwenye minara ya simu walikwenda mbali zaidi. Kampuni tatu kubwa zilikuwa kila moja inasimamisha mnara wake, hadi mwaka 2014 ikaundwa kampuni moja ya kuijenga na kuwapangisha wote. Angani, basi, wamejifunza kukaa nyumba moja. Chini ya mlango wangu bado kila mtu anataka kiwanja chake.

Kaka mmoja wa Nairobi aliniambia nihamie kijiji cha mjini, zile nyumba zilizobanana za Dengfeng nyuma yetu, kwa kuwa huko nyaya ziko juu. Kweli ziko juu. Zimejisokota vichochoroni hadi jua halishuki. Mtu anaanika soksi kwenye intaneti ya jirani. Lakini hazimfungii mtu mlango, nikaanza kushawishika. Halafu nikapata habari kwamba mji una mpango wa kuzipanga vizuri nyaya za namna hiyo, na nyingine kuzishusha chini ya ardhi. Nikamuuliza kaka, zitashushwaje bila kuchimba? Akabadilisha mazungumzo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba dawa wanayo, tena hapa hapa Guangzhou. Panda metro uende wilaya ya Panyu, kisiwa cha Xiaoguwei, kwenye mji wa vyuo vikuu ulioanza kupokea wanafunzi mwaka 2004. Kabla ya kumwaga lami walijenga handaki la zege, na matawi yake yote linakaribia kilomita 18. Ndani yake yamo mabomba ya maji, nyaya za umeme na za mawasiliano, kila kimoja kwenye rafu yake. Fundi akitaka kutengeneza anashuka kwa ngazi na tochi. Juu wanafunzi wanaendesha baiskeli, hawana habari. Si uvumbuzi wa jana. Paris ilianza kupitisha mabomba ya maji ndani ya mahandaki yake ya majitaka katika karne ya 19. Na mwaka 2015 serikali kuu ya China ikaagiza mahandaki ya namna hiyo yajengwe mijini, ikaongeza kwamba palipo na handaki, mabomba na nyaya zote za eneo hilo lazima ziingie humo.

Kwa nini basi iwe lazima? Kitu kizuri hivyo kinalazimishwa cha nini? Hapo ndipo nilipokuna kichwa, na hapo ndipo lilipo jibu la shimo langu. Kuingia handakini kunalipiwa: kuna ada ya kuingia na kuna ada ya matunzo. Jifanye wewe ndiye mwenye waya. Handakini unatozwa. Barabarani unachukua kibali, unalipia lami utakayoikata, umemaliza. Katoni zangu zilizoloa hazimo kwenye hesabu. Tambi ambazo jirani hakuuza hazimo. Usingizi haumo. Mama wa Kariakoo aliyepotea hayumo. Kwenye daftari la mwenye waya shimo ni rahisi, kwa kuwa sehemu kubwa ya bei yake tunailipa sisi tulio nyuma ya mabati. Mtu anayelipiwa na wengine atamaliza haraka ya nini?

Waingereza, watu ambao huwa siwaazimi kitu zaidi ya mpira, hapa wamenifurahisha. Tangu 2012, jijini London, anayechimba kwenye barabara zenye shughuli nyingi, tena kwa saa za msongamano, anatozwa kodi ya kuikalia njia: hadi pauni 2,500 kwa siku. Kwa siku! Akifanya usiku au akiwahi kuondoka, anapunguziwa au halipi. Hebu iweke tozo hiyo kwenye ubao wangu, uone kama ile karatasi ya tatu ya tarehe itabandikwa. Mkandarasi angelala shimoni na familia yake mpaka amalize.

Nyumbani nako nisipasahau, maana msomaji wangu wa Dar ameshaanza kucheka Wachina. Sisi Sheria yetu ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Nyumba ya mtu ikiwamo ndani ya hizo mita, inapigwa X nyekundu na mwenyewe analala akiitazama. Kwa mwenye kibanda tuna rula na rangi. Kwa mwenye bomba je? Naye sheria inamtaka achukue kibali cha mamlaka ya barabara. Lakini mtaani kwetu nimeona lami ya Juni ikikatwa Agosti, mtaro ukafukiwa kwa udongo uleule, mvua ya kwanza ukazama, na bajaji zikajifunza kuruka. Hakuna ubao. Hakuna tarehe ya uongo, wala hakuna majani ya plastiki. Ukiuliza shimo la nani, wa maji anasema la umeme, wa umeme anasema la mkongo wa intaneti, wa mkongo anasema yeye yupo nguzoni. Angalau shimo langu la Xiaobei lina jina na namba ya simu; likiniudhi najua nimnunie nani.

Waheshimiwa wa mamlaka za barabara, maji, umeme na mawasiliano wa kwetu, nawaona mnapokuja Guangzhou kwa ziara za mafunzo. Nawaona kwa sababu baadaye mnakuja kwangu na televisheni. Karibuni sana. Safari hii ombeni mpelekwe Xiaoguwei, mshuke handakini, mpige picha za kutosha, halafu muulize maswali mawili tu: ada ya kuingia ni kiasi gani, na anayechimba nje anatozwa kiasi gani kwa siku. Andikeni majibu yote mawili kwenye ukurasa mmoja wa ripoti. Mkifika nyumbani, kabla ya kuomba mkopo wa kujenga handaki, anzeni na tozo ya siku kwa kila mita ya barabara iliyofungwa, na pesa hiyo iende kwa wenye maduka waliofungiwa. Hiyo haihitaji mkandarasi, haihitaji saruji, wala haihitaji kuchimba popote.